Subaru Impreza WRX ya Zamani Inavuja Oili: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kuziba

Maswali yanayonifikia kuhusu Impreza WRX za zamani, zile za bodi ya GC8 na GD zenye injini ya EJ20 ya turbo, huwa na mwisho mmoja. Gasketi imebadilishwa, sili imebadilishwa, wengine wameshusha hadi giaboksi, na asubuhi doa lipo palepale sakafuni. Nimekagua kadhaa kati ya magari hayo. Mara nyingi spea iliyofungwa ilikuwa nzima na fundi hakuwa mzembe. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi: lilifuatwa tone, chanzo hakikutafutwa.

Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likitembea, upepo huisukuma nyuma. Tone linaloanguka chini ya giaboksi linaweza kuwa limeanzia mbele, chini ya alterneta. Shika hilo moja: unachotafuta ni mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa, kwenye injini iliyokuwa safi na kavu. Hatua zote zilizo hapa chini zinategemea hilo, na ukiruka hatua ya 3 hakuna nyingine itakayokusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jeki na stendi mbili za chuma za kuegemeza gari. Tofali hupasuka bila kutoa onyo. Usiingie chini ya gari lililoegemea tofali au jeki peke yake.
- Soketi za 10, 12, 14 na 17 mm, ekstensheni fupi na ndefu, na kiungo cha kupinda. Ukifika kwenye taiming belti utahitaji na 22 mm ya bolti ya puli ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni).
- Spana ya torki ndogo, inayoanzia Nm 5 (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ile kubwa ya kufungia matairi haina kazi hapa.
- Dawa ya kuoshea injini, brashi, makopo mawili ya breki klina, matambara safi.
- Karatasi ya nailoni na mpira wa kufungia, kwa ajili ya kufunika alterneta na njia ya hewa.
- Kadibodi kubwa, poda ya watoto, tochi, na kioo kidogo chenye mkono. Kamera ya simu hufaa pia.
- Rangi ya kuchanganya na oili inayong'aa kwenye mwanga wa UV, pamoja na tochi yake. Si lazima, ila huokoa muda.
- Kikwaruzo cha plastiki na glavu.
- Silikoni ya injini inayostahimili oili, kama ThreeBond 1215. Silikoni ya madirisha na mabomba haifai.

Gasketi na sili usinunue bado. Anayenunua kwanza hujikuta anafunga kile alichonunua, hata kama kinachovuja ni kingine.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni oili ya injini

Tandika kadibodi chini ya gari usiku kucha, kisha weka alama ya mahali magurudumu ya mbele yalipo. Asubuhi chukua tone kwa kidole chenye glavu ulitazame na kulinusa.

Oili ya injini ni ya kahawia hadi nyeusi. Nyekundu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Nzito yenye harufu kali inayokera pua ni ya giaboksi ya kawaida au difu. Ya kijani au ya bluu, nyepesi kama maji, ni kulanti.

Pima pia kiwango cha oili kwenye stiki: gari likiwa tambarare, injini imezimwa angalau dakika tano. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita 1. Ikiwa iko chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya jambo lolote. Injini ya turbo ikikosa oili hufa kwa dakika chache, na utakuwa umehama kutoka kutafuta gasketi hadi kutafuta injini nzima.

Umefaulu ikiwa unajua kwa hakika ni kimiminika gani na kinaangukia wapi: mbele, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia au katikati nyuma. (Kushoto na kulia hapa ni vya mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele.)

## Hatua ya 2: Maliza mambo mepesi

Kuna uvujaji usiohitaji kufungua injini. Kagua mambo manne.

Filta ya oili. Ilipobadilishwa, mpira wa filta ya zamani unaweza kuwa ulibaki umeng'ang'ania kwenye blogu (bloki, mwili wa injini), filta mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili haikai pamoja, na siku moja itaachia kwa kishindo. Kwenye WRX filta imezungukwa na mabomba ya ekzosi, kwa hiyo oili iliyomwagika wakati wa sevisi huendelea kufuka moshi kwa siku kadhaa. Huo si uvujaji.

Bolti ya kumwagia oili. Washa yake (pete bapa chini ya kichwa cha bolti) hubonyea ikishafungwa mara moja. Inatakiwa mpya kila sevisi.

Kifuniko cha kujazia oili, pamoja na oringi (pete ya mpira) iliyo chini ya shingo yake.

Oringi ya bomba la stiki.

## Hatua ya 3: Osha injini mpaka iwe kavu na safi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana huona kuosha ni urembo. Kwenye injini yenye tope la oili la miaka kumi kila mahali pamelowa. Hakuna jicho, hata la fundi wa miaka thelathini, linaloweza kutenganisha oili ya leo na ya mwaka juzi.

1. Injini iwe ya uvuguvugu. Ikiwa ya moto, dawa itakauka kabla ya kufanya kazi, na blogu ya moto ikipigwa maji baridi inaweza kupata ufa.
2. Funika alterneta, mdomo wa hewa na viunganishi vya umeme kwa nailoni.
3. Toa sahani ya plastiki iliyo chini ya injini. Oili hujikusanya juu yake kisha hudondokea kwingine kabisa, na hivyo humpoteza mtafutaji.
4. Nyunyiza dawa kuanzia chini kwenda juu, subiri dakika kumi, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji ya kawaida. Mashine ya presha ya kituo cha kuoshea magari husukuma maji hadi kwenye visima vya plagi (mashimo ambamo plagi hukaa).
5. Kausha, kisha malizia na breki klina kwenye maungio: kuzunguka tapeti kava (kifuniko cha vali, kimoja kila ubavu wa injini), mbele chini ya puli, na juu ya blogu chini ya alterneta.

Onyo: usioshe injini kwa petroli. Nimeona inafanyika mara nyingi kwenye gereji za wazi. Mvuke wake hutambaa chini, na cheche moja tu ya betri inatosha. Hata breki klina huwaka, kwa hiyo acha boneti wazi na usiwashe gari mpaka harufu iishe kabisa.

Umefaulu ikiwa unapitisha tambara jeupe kwenye maungio hayo na linatoka jeupe.

## Hatua ya 4: Endesha, kisha soma njia ya oili

Ukitumia rangi ya UV, mimina kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kama huna, nyunyiza poda ya watoto nyembamba kwenye maungio. Oili ikipita itachora mstari mweusi kwenye weupe. Usipake poda karibu na mdomo wa hewa.

Endesha kilomita kumi za mwendo wa kawaida. Rudi, zima, ingia chini (gari likiwa kwenye stendi). Usipoona kitu, endesha tena kilomita ishirini. Uvujaji mdogo una haki ya kuchelewa. Usianze na safari ndefu, maana oili ikishasambaa umerudi hatua ya 3.

Kila ukikuta palipolowa, jiulize: juu yake pamelowa? Mbele yake pamelowa? Panda mpaka ufike mahali ambapo juu yake ni pakavu. Hapo ndipo chanzo. Dalili zifuatazo zitakuelekeza pa kutazama.

Harufu ya oili inayoungua ndani ya gari, moshi kidogo ukisimama kwenye foleni. Tazama ukingo wa chini wa tapeti kava. Kwenye injini hii silinda zimelala ubavuni, kwa hiyo oili hutuama kwenye ukingo huo badala ya kurudi yote kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na ekzosi iko chini yake tu. Ndiyo sehemu inayovuja zaidi kwenye magari haya.

Injini inakosa moto, na plagi ukiitoa ina oili. Gasketi za visima vya plagi, zilizo ndani ya tapeti kava hiyohiyo.

Matone mbele, nyuma ya puli. Sili ya krankshafti, sili za kamshafti (shafti zinazofungua vali), au pampu ya oili.

Matone kwenye maungio ya injini na giaboksi. Hapa simama. Usikubali kushusha giaboksi kabla ya kumulika juu ya blogu. Swichi ya presha ya oili iko chini ya alterneta, na ikivuja, oili hutiririka juu ya blogu kwenda nyuma kisha huanguka pale pale ambapo sili ya nyuma ya krankshafti ingeangushia. Mimi nililipa gharama ya kushusha giaboksi na kubadilisha sili ya nyuma. Siku ya tatu doa likarudi. Chanzo kilikuwa swichi hiyo, inayotolewa kwa dakika ishirini. Juu ya blogu pakiwa pakavu, ndipo uanze kufikiria nyuma.

Kulia nyuma, chini ya turbo. Hosi ya mpira inayorudisha oili kutoka kwenye turbo, au washa za bomba linaloipelekea.

Umefaulu ikiwa umepiga picha ya chanzo na unaweza kumwonyesha mtu mwingine akakubali bila kuelezwa.

## Hatua ya 5: Pima kama injini inapumua

Fanya hatua hii kabla ya kubadilisha gasketi yoyote. Kila injini hupitisha hewa kidogo kutoka kwenye silinda kwenda chini kwenye sampu, na hewa hiyo hutolewa kupitia vali ya PCV na mabomba yake. Vali ikiziba, presha hupanda ndani na kutafuta mahali dhaifu pa kutokea. Ukifunga gasketi mpya bila kushughulikia hilo, oili itatokea kwingine baada ya wiki chache. Wengi wanaoniambia "nikiziba huku inatokea kule" wana tatizo hili.

Acha injini ya moto iungurume taratibu. Fungua kifuniko cha kujazia oili, laza karatasi nyepesi juu ya mdomo. Ikivutwa kidogo au ikitulia, ni sawa. Ikirushwa, kuna presha.

Fungua vali ya PCV kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, itikise: inatakiwa ilie kama njuga. Ikiwa kimya, nunua mpya. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gasketi. Kagua mabomba yake pia, mara nyingi yamekauka na kupasuka.

Vali mpya ikifungwa na karatasi bado inarushwa, acha kununua gasketi. Pima kompresheni ya silinda zote nne. EJ20 ya turbo hujulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, na hakuna silikoni inayotibu hilo.

## Hatua ya 6: Badilisha gasketi za tapeti kava

Sasa ndipo ununue. Nenda na namba ya chesesi, si jina la gari tu: GC8, GDA na GDB (hizi mbili ni za bodi ya GD) zina tofauti za vipuri hata injini zikiwa zinafanana kwa macho. Iwe mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, muulize muuzaji seti yenye gasketi ya nje, gasketi za visima vya plagi na mipira ya bolti. Bana gasketi kwa vidole: nzuri hurudi umbo lake mara moja. Ile ngumu kama plastiki iache, hata ikiwa nusu bei.

Kufungua. Injini iwe baridi kabisa. Kushoto, toa betri na chupa ya maji ya kuoshea kioo. Kulia, toa boksi la filta ya hewa. Puliza uchafu kwenye visima vya plagi, kisha toa koili au waya za plagi. Kama kisima kina oili, ifyonze kabla ya kutoa plagi, la sivyo itaingia kwenye silinda.

Bolti za kava ni za kichwa cha 10 mm. Za chini utazifikia kutokea chini. Nafasi ikiwa finyu, fungua nati za maunti ya injini na uinue injini sentimita mbili kwa jeki iliyowekewa kipande cha ubao chini ya sampu. Usizidishe, mabomba ya turbo na ya maji hayana urefu wa ziada.

Weka chombo chini. Ukivuta kava, oili iliyotuama itamwagika.

Kusafisha. Tumia muda mwingi zaidi hapa kuliko mahali pengine. Toa gasketi ya zamani yote, pamoja na silikoni ya waliokutangulia, kwa kikwaruzo cha plastiki. Bisibisi au wembe hukwaruza alumini, na mkwaruzo mmoja unaokatiza njia ya gasketi ni mfereji wa oili. Vipande visidondokee ndani. Malizia kwa tambara lenye breki klina kwenye hedi (kichwa cha silinda) na ndani ya mfereji wa kava. Kava likiwa limepinda, gasketi mpya haitasaidia. Lilaze juu ya kioo na utazame kama linacheza.

Kufunga. Kandamiza gasketi kwenye mfereji wake ikiwa kavu. Silikoni huwekwa mahali pachache tu: kwenye kona ambapo kifuniko cha mbele cha kamshafti kinakutana na hedi, tone la ukubwa wa punje ya maharage.

Najua wapo wanaopaka silikoni gasketi nzima "kwa usalama". Tafadhali usifanye hivyo. Inayozidi hujiminya kwenda ndani, hukatika, hushuka na oili hadi kwenye chujio la pampu ndani ya sampu. Chujio likiziba, beringi za krankshafti hukosa oili. Injini zimekufa kwa sababu ya silikoni ya shilingi chache.

Rudisha kava bila kuligonga, maana gasketi ya chini hupenda kuchomoka usiione. Pitisha kioo chini uhakikishe. Bolti zote zianze kwa mkono. Kisha kaza kwa mzunguko, ukianzia katikati kwenda nje, hadi takriban Nm 5 au 6. Kipimo kamili angalia kitabu cha gari lako kwa mwaka wake. Utashangaa jinsi hiyo ilivyo nyepesi. Bolti hizi zina bega linalogota; ukiendelea kukaza baada ya hapo hubonyezi gasketi zaidi, unachana nyuzi za alumini.

Subiri saa 24 kabla ya kuwasha kama ulitumia silikoni.

Umefaulu ikiwa baada ya kilomita mia moja ukingo wa chini wa kava ni mkavu na harufu haipo.

## Hatua ya 7: Uvujaji wa mbele

Ili kufika kwenye sili za mbele lazima taiming belti itoke. Injini hii ikikosea taiming, vali hugongana na pistoni. Zaidi ya hapo, kamshafti za upande wa kushoto huwa zimebanwa na springi za vali: ukitoa belti, puli huruka zenyewe. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mpe fundi anayeijua EJ20, na wewe simamia orodha.

Orodha yenyewe: sili nne za kamshafti, sili ya krankshafti, oringi ya pampu ya oili, na skrubu za bamba la nyuma la pampu. Skrubu hizo hulegea zenyewe kwa miaka. Zikazwe zikiwa na gundi ya nyuzi. Belti na puli zake zibadilishwe hapo hapo, na pampu ya maji kama umri wake haujulikani. Gharama kubwa ni ya kufungua, si ya vipuri.

Sili mpya ipakwe oili mdomoni, na ifungwe usawa na ile ya zamani ilivyokaa. Ya zamani ikitolewa kwa bisibisi ikakwaruza shafti, mpya itavuja hata ikiwa ya Japani.

## Hatua ya 8: Uvujaji wa nyuma

Juu ya blogu ni pakavu, swichi ni nzima, na bado panadondoka kwenye maungio ya giaboksi. Sasa giaboksi ishuke, au injini itoke.

Ukiona nyuma ya blogu, usiilaumu sili kubwa ya krankshafti kwanza. Mara nyingi mkosaji ni pleti ya separeta, kile kifuniko kilichofungwa kwa skrubu pembeni mwa sili. Za zamani zilikuwa za plastiki na hupinda kwa joto. Weka ya chuma. Skrubu zake zimeng'ang'ania. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo ili vichwa visiharibike. Safisha mpaka alumini ing'ae, paka silikoni mstari mwembamba usiokatika, kaza kwa Nm 6.4. Kagua pia kifuniko kidogo chenye oringi, kilicho karibu nayo.

Sili ya nyuma ikiwa kavu kabisa na haijulikani umri, mafundi hugawanyika. Mimi huiacha. Sili ya kiwandani inayofanya kazi ni bora kuliko mpya iliyofungwa upande kidogo. Kama klachi imelowa oili, badilisha diski, haisafishiki.

## Hatua ya 9: Turbo

Hosi ya kurudisha oili hukauka kwa joto na kuwa kama mkaa. Badilisha na vibanio vyake, turbo likiwa limepoa saa kadhaa. Washa za shaba za bomba la kupeleka oili ziwe mpya kila zinapofunguliwa. Oili inayodondokea ekzosi hapa inaweza kuwasha moto, kwa hiyo ukiona moshi unatoka kwenye tundu la boneti na sehemu ya turbo imelowa, usiendeshe gari mpaka itengenezwe.

## Hatua ya 10: Thibitisha

Rekebisha kitu kimoja, kisha osha tena na urudie hatua ya 4. Ukirekebisha vitatu kwa pamoja na bado linadondosha, hutajua kipi kilifaulu.

Kama pampu ya oili ilifunguliwa, chomoa umeme wa koili na wa injekta, piga stata vipindi vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.

Pima stiki kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili, uandike. Kadibodi ikae chini ya gari usiku. Matone machache siku ya kwanza yanaweza kuwa masalio yaliyojificha kwenye mikunjo ya blogu; yanapaswa kupungua kila siku. Yakibaki vilevile siku ya nne, rudi ukatafute mahali pa juu zaidi palipolowa. Dawa za kuzuia uvujaji zinazomiminwa kwenye oili usizitumie: hulainisha na kuvimbisha mipira yote, hata ile iliyokuwa nzima. Oili nzito kuliko ya kitabu nayo huchelewa kufika kwenye turbo asubuhi.

Oili chafu uliyomwaga iweke kwenye dumu lenye kifuniko uipeleke gereji au kituo kinachokusanya. Isimwagwe mtaroni wala kwenye udongo wa uani.